Mshono wa Daraja: Shajara ya Msimamizi wa Ubora

Wiki ya 1

Nimekabidhiwa usimamizi wa ubora kwenye upanuzi wa daraja la barabara kuu, ile inayopitisha malori ya Tunduma, Zambia na Kongo. Daraja lina spani tatu, yaani vipande vya kutoka egemeo moja hadi jingine, za mita 15 kila moja, jumla mita 45. Njia ya magari ina upana wa mita 6.5 tu. Nilisimama pale saa moja asubuhi siku ya kwanza: malori mawili yakikutana katikati, mtembea kwa miguu anageuka ubavu na kushikilia bomba la ukingo mpaka yapite. Watoto wa shule wanapita hapo kila siku.

Tunaongeza mita 3.5 kila upande. Nguzo mpya, boriti mpya, sakafu mpya, halafu kipya kinaunganishwa na cha zamani kwa ukanda wa zege wenye upana wa sentimita 80. Ukanda huo saiti wote tumeuita mshono. Tunaanza na upande wa juu ya mto, yaani maji yanakotokea.

Kwenye kikao cha kwanza niliwaambia mafundi jambo moja. Sehemu mpya inaweza kuwa nzuri, ya zamani ikawa nzima, na bado daraja likawa bovu kwa sababu ya mshono. Mpango wetu wa ubora nimeuandika kwa kuanzia hapo, nikarudi nyuma hadi kwenye msingi.

Nimeweka vituo vya kusimama. Ni hatua ambazo kazi haiendelei mpaka mhandisi mshauri aje, aone kwa macho na atie saini: shimo la msingi kabla ya nondo, nondo kabla ya zege, mashimo ya kuunganishia kabla ya gundi, mshono kabla ya kumwagwa. Meneja wa saiti aliona ni vingi. Nikamwambia kila kituo kinahusu kitu ambacho kesho yake hakitaonekana tena. Masharti ya jumla ya kazi za barabara ya Wizara ya Ujenzi, toleo la mwaka 2000, yako mezani kwangu na kurasa za zege tayari zimechakaa pembeni.

Wiki ya 2

Michoro ya daraja la zamani haijapatikana. Imebidi tulisome daraja lenyewe.

Tumepitisha kifaa cha kusaka nondo ukingoni mwote na kuchora mistari kwa chaki: nyekundu nondo kuu, nyeupe nondo za kukatisha. Nondo ziko chini ya uso kwa milimita 25 hadi 30. Kisha tumegonga kwa nyundo ndogo, hatua kwa hatua. Zege zima hulia kavu na kali. Lililoachana ndani hulia bwaa, kama mtungi wenye ufa. Tumepata mabaka matano ya aina hiyo, yote chini ya mifereji ya kutolea maji, na hilo halikunishangaza, kwa sababu maji ya mvua yamekuwa yakichuruzika palepale miaka yote.

Jumatano tulitoboa vishimo na kupulizia fenofthalini. Zege lenye alkali, ile inayoikinga nondo na kutu, hugeuka rangi ya zambarau iliyokolea. Lililokwishaingiliwa na hewa ya kaboni halibadiliki rangi. Kijana wa maabara alipuliza, tukasubiri, na pale ukutani pa shimo ukatokea mpaka: milimita 19 za kwanza kijivu, kuanzia hapo ndani zambarau. Yaani kwa sehemu kubwa nondo bado zina ulinzi, ila umebaki mwembamba. Kwenye yale mabaka matano kaboni imefika kwenye nondo, na kutu imeanza kutanuka na kusukuma zege nje. Nimeandika ripoti ya kasoro ya kwanza ya mradi, na imelihusu daraja la zamani. Zege hilo litabomolewa hadi nyuma ya nondo, kutu isuguliwe mpaka chuma king'ae, ndipo lirudishiwe jipya. Kuunganisha kitu kipya juu ya bovu ni kulifunika tatizo.

Wiki ya 4 hadi ya 10

Misingi na nguzo. Kazi ilikwenda vizuri, siandiki mengi. Nguzo moja ilirudiwa kufungwa nondo kwa sababu ringi zilikuwa zimeachana sentimita 20 badala ya 15. Mto ulijaa mara moja na kuchukua mbao zetu chache, bahati njema zege lilikuwa halijamwagwa. Tangu siku ile kila nguzo mpya imewekewa alama ya rangi, na kila Jumatatu mpima anasoma kimo chake. Vipimo hivi vitatufaa baadaye.

Wiki ya 12

Shehena tatu za mchanga, moja nimeikataa. Kipimo chetu cha saiti ni chupa ya kioo yenye mistari: mchanga, maji yenye chumvi kidogo, unatikisa, unaacha saa tatu. Mchanga hukaa chini, tope hutanda juu yake. Tope likizidi asilimia 8 ya kimo cha mchanga, shehena haipiti. Hii ilikuwa na asilimia 11. Dereva alisema mchanga wa machimbo hayo ndio uliojenga nyumba zote za mji ule. Nilimwonyesha chupa, nikamwomba aguse lile tope kwa kidole. Tope hilo huvaa punje na kuizuia saruji isishike. Akaondoka na mzigo wake bila ugomvi.

Wiki ya 13

Kuna fundi nondo mkuu hapa, mzee aliyefanya kazi za madaraja tangu mimi sijazaliwa. Kila asubuhi namwamkia, ananiitikia, kisha ananionyesha alichofunga. Leo yeye ndiye aliyeniita.

"Injinia, mwanangu, hebu bonyeza hii."

Alinipa biskuti, kile kipande cha saruji kinachowekwa chini ya nondo ili isikae juu ya mbao. Nikaibonyeza kwa kidole gumba. Ikavunjika, ikabaki unga kiganjani.

Vibarua walikuwa wamezitengeneza kwa saruji kidogo na kuzianika juani siku hiyohiyo bila maji. Zilikuwa zimeshapangwa chini ya nondo za sakafu spani nzima. Nondo zina uzito, mafundi hutembea juu yake, biskuti kama hizo husagika, na kinga, yaani zege linaloifunika nondo, ya milimita 40 inageuka kuwa 15 bila mtu kujua. Tumezitoa zote. Zimetengenezwa upya kwa mchanganyiko wenye nguvu sawa na zege la sakafu na zimelala ndani ya pipa la maji siku saba. Umwagaji umechelewa wiki moja. Namshukuru mzee huyu. Mimi nilizipita biskuti zile mara mbili na sikuzigusa.

Jioni niliwakusanya mafundi na kuwasimulia ya Laval, karibu na Montreal, Kanada. Daraja la juu la de la Concorde lilijengwa mwaka 1970 na kuporomoka tarehe 30 Septemba 2006. Watu watano walifariki. Tume ya uchunguzi ilikuta, pamoja na mengine, kwamba nondo za sehemu inayobeba uzito kwenye egemeo hazikuwekwa mahali pake, na zege halikuwa la ubora uliotakiwa. Miaka 36 kosa lile lilikaa ndani ya zege huku magari yakipita juu. Kimya kilikuwa kirefu baada ya kumaliza. Mzee alisema tu, "Basi tukague tena kesho."

Wiki ya 14

Umwagaji wa sakafu mpya, spani ya kwanza. Zege letu linatakiwa kufikisha nyutoni 40 kwa milimita ya mraba siku ya 28. Lina kilo 400 za saruji kwa mita ya ujazo na maji lita 180, yaani uwiano wa 0.45.

Lori la nne lilifika likiwa limekaa foleni dakika 50 juani. Kupima ulaini wa zege, tulijaza koni ya milimita 300 kwa matabaka matatu, mapigo 25 kila tabaka, tukaivuta juu. Zege lilishuka milimita 60. Tunataka 100, pungufu au zaidi ya hapo mwisho 25. Nilipogeuka kuandika, nikasikia maji. Msaidizi wa dereva alikuwa amefungua bomba la tangi kwenye pipa la kuzungushia. Alifikiri anasaidia. Hadi tunalifunga, geji ilionyesha lita 60 zimeingia kwenye mita 6 za ujazo.

Hesabu nilimfanyia palepale kwa chaki kwenye mudigadi. Lita 60 kwa mita 6 ni lita 10 kila mita. 180 imekuwa 190, uwiano umepanda hadi karibu 0.48. Kwa macho zege sasa ni zuri zaidi, linateleza, mafundi wanalipenda. Lakini maji yasiyotumiwa na saruji hukauka na kuacha vinjia, na kwenye vinjia hivyo ndiko unyevu na hewa hupita kuifuata nondo. Lori limerudishwa. Mkandarasi amepoteza mita 6 za zege na hakuna aliyefurahi, mimi pia. Kuanzia leo bomba la kila lori linafungwa kwa lakiri kiwandani, na zege likikakamaa linalainishwa kwa dawa iliyopimwa maabara, mbele ya mtu wangu.

Spani nyingine mbili zimemwagwa kuanzia saa 11 alfajiri. Joto la zege halikuvuka nyuzi 30. Kikomo cha mpango wetu ni 32. Magunia yaliyoloweshwa yamefunikwa juu, na mlinzi wa usiku ana ratiba ya kumwagilia yenye sehemu ya kutia saini.

Wiki ya 17

Sasa mshono. Ukingo wa sakafu ya zamani umechongwa mpaka kokoto zimejitokeza; uso laini hauungani na kitu. Kando yake tunatoboa mashimo 450 kwa mistari miwili, kina cha milimita 200, na ndani ya kila shimo inaingia nondo ya milimita 16 kwa gundi ya epoksi. Nondo hizi ndizo zitakazoishika sakafu mpya.

Jumanne zilipandikizwa 64. Alhamisi, gundi ikiwa imekauka, tulileta mashine ya kuvutia. Kila nondo inatakiwa kuhimili kilonyutoni 60, karibu tani 6, bila kusogea. Ya kwanza ilihimili. Ya pili ikahimili. Ya tatu, mshale ulipofika 31, tulisikia mlio mdogo kama ganda la yai, na nondo ikaanza kutoka taratibu. Tuliitoa yote nikaishika. Gundi ilikuwa imeganda vizuri juu ya chuma, ngumu kabisa, lakini kwa nje imevaa vumbi la kijivu pande zote, kama andazi lililogaragazwa kwenye unga. Gundi haikuwahi kuligusa zege. Ilishika vumbi.

Nikachukua brashi ya waya, nikaingiza kwenye shimo lililokuwa bado halijatiwa gundi, shimo lililotiwa saini kuwa ni safi. Brashi ikatoka na unga.

Kituo cha kusimama kilikuwepo, saini ilikuwepo, na shimo lilikuwa chafu. Hilo limeniuma kuliko zile biskuti. Mkaguzi wetu aliangalia kwa tochi akaona chini pako sawa. Vumbi liko ukutani, kwa tochi halionekani. Kosa la fomu ni langu, kwa sababu niliandika "shimo liwe safi" bila kusema usafi unapimwaje.

Wiki ya 18

Nondo zote 64 zimevutwa. Zilizoshindwa ni 23. Tumetoboa mashimo mapya kando yake kwa kufuata ile mistari ya chaki, tusikate nondo za zamani, na mashimo yaliyoharibika yamezibwa.

Utaratibu mpya: puliza kwa kompresa mara mbili kuanzia chini ya shimo, piga brashi mara mbili, puliza tena mara mbili. Mwisho kitambaa cheupe kinafungwa kwenye ufito, kinaingizwa na kuzungushwa. Kikitoka na kijivu, rudia. Kitambaa kinabandikwa kwenye fomu pamoja na namba ya shimo. Mafundi mwanzoni waliona tunawachosha, lakini kufikia Ijumaa walikuwa wakishindana nani ana kitambaa cheupe zaidi. Gundi inasukumwa kuanzia chini kuja juu ili isifungie hewa. Katika mashimo 386 yaliyobaki tumevuta nondo 40, na zote zimehimili.

Wiki ya 20

Meneja wa saiti anataka mshono umwagwe sasa. Ratiba imeteleza, na namwelewa, maana kila siku ya mitambo kukaa ina gharama. Lakini nimekataa, na mhandisi mshauri amenikubalia.

Zege jipya linanywea na kujikunja kidogo kidogo linapokauka, boriti mpya zinainama chini ya uzito wake, na nguzo mpya zinajikalisha ardhini. Daraja la zamani lilimaliza hayo yote miaka mingi iliyopita. Ukiwafunga pamoja mapema, mmoja anavuta na mwingine hataki kwenda, na anayepasuka ni mshono. Vile vipimo vya kila Jumatatu vimenisaidia: nguzo ya kati imeshuka milimita 4, milimita 3 kati ya hizo kwenye wiki zile za kumwaga sakafu. Wiki mbili zilizopita haijasogea. Tumekubaliana siku 60 tangu sakafu ya mwisho imwagwe, na nguzo ziwe hazijashuka wiki nne mfululizo.

Wiki ya 22

Tumepima jinsi sakafu ya zamani inavyocheza. Tulifunga geji chini ya ukingo, katikati ya spani. Lori lililosheheni likipita upande wetu, ukingo unashuka milimita 2.4 na kurudi. Sakafu mpya kando yake haisogei hata kidogo. Zege bichi likiwa katikati yao, nondo zetu zitapanda na kushuka ndani yake kama mwiko ndani ya uji, na litakapoganda kila nondo itakuwa na nafasi pembeni.

Tumefanya mambo matatu. Mihimili ya chuma ya muda imefungwa kwa bolti kukatisha mshono, ili pande mbili zicheze pamoja. Matuta ya kupunguza mwendo kwenye maingilio ya daraja yameondolewa na mashimo ya lami yamezibwa, kwa sababu lori linaloruka tuta huligonga daraja kuliko linalopita taratibu. Kazi ya kupunguza mwendo wameachiwa wapeperusha bendera. La tatu, baada ya vikao vitatu na polisi wa usalama barabarani, tumepewa usiku mmoja barabara ifungwe kuanzia saa 4 usiku hadi saa 10 alfajiri.

Wiki ya 24, usiku wa Jumamosi

Saa 4:05 barabara imefungwa. Ukingo wa zamani umeloweshwa tangu asubuhi, maji yaliyotuama yamepulizwa. Ndani una unyevu na juu umekauka. Zege lote ni mita 8 za ujazo, malori mawili, lakiri zote nzima. Mshuko milimita 90 na 95. Joto nyuzi 26. Mzee wa nondo amekuja ingawa zamu yake iliisha saa 12, amekaa kwenye ndoo akiwamulikia vijana wa vaibreta.

Saa 5:40 zege la mwisho limewekwa.

Saa 7:15 gari la wagonjwa limefika kwenye kizuizi upande wa Morogoro, ndani yake mama mwenye uchungu wa kujifungua. Hapakuwa na la kujadili. Tuliondoa koni, likapita njia ya mbali na mshono kwa mwendo wa mtu anayetembea, kijana wangu akiwa chini anasoma geji: milimita 0.1. Nimeliandika kwenye daftari la zege pamoja na saa yake.

Saa 10 alfajiri barabara imefunguliwa, njia moja ya mbali, kilomita 20 kwa saa.

Wiki ya 25

Vipande vya majaribio tulivyoviacha kando ya mshono, hewa ileile na magunia yaleyale, vimefika nyutoni 23.5 siku ya tatu na 26 siku ya nne. Tulikuwa tunasubiri 25. Mihimili ya muda imefunguliwa.

Wiki ya 28

Matokeo ya siku 28: 46.5, 47.8 na 45.9. Mshono umepita.

Tumetembea mita zote 45 tukiwa tumepiga magoti. Upo ufa mmoja, spani ya pili, kwenye mstari wa zege la zamani na jipya: urefu mita 1.1, upana milimita 0.15. Kikomo chetu ni 0.2. Nimeweka alama ya penseli ncha zote mbili pamoja na tarehe, na nimeurudia siku ya saba: haujavuka alama. Utasomwa kila wiki mpaka makabidhiano, na kabla ya tabaka la kuzuia maji kutandazwa utazibwa.

Watoto wa shule wameanza kupita kwenye njia mpya ya miguu tangu Alhamisi.

Kesho tunaanza kuusaka upande wa chini ya mto kwa chaki. Vitambaa vyeupe 450 vimeshakatwa, viko kwenye boksi ofisini.